Maji ya Majivu na Kidonge cha Mama

Niliporudi Songea kutoka Zambia nilikuwa na diploma ya umeme wa mitambo, pikapu yangu mwenyewe, na mashine ya kusukia waya za mota ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo kuanzia mjini hadi Tunduru. Nayasema haya bila haya kwa sababu hakuna aliyenipa hata kimoja. Diploma niliisomea jioni kwa miaka minne, nikitoka kazini mgodini bado nanuka grisi, nikikaa darasani na vijana waliokuwa wakiniita mzee.

Nilirudi wakati mzuri. Soko huria lilikuwa limeingia, maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa mpaka kwenye dari, na kila mwenye uwezo alikuwa anafunga mashine ya kusaga. Umeme wa mjini siku zile ulitoka kwenye majenereta, ukipanda na kushuka upendavyo, kwa hiyo mota ziliungua kila wiki. Zote zilikuja kwangu. Kabla ya miaka miwili nilikuwa nimejenga nyumba Matogoro, ya bati jekundu, inayoonekana tangu barabarani.

Jambo moja tu lilikuwa limenishinda, nalo ni la baba. Baba alianguka ghalani kwake kijijini Maposeni wakati mimi niko Zambia. Presha. Upande mmoja ukafa, na kabla ya wiki kwisha naye akafa. Barua ilinifikia akiwa ameshazikwa mwezi mzima. Sikumuuguza, sikumzika. Kwa hiyo siku nilipompeleka mama hospitali ya misheni kwa ajili ya goti, na muuguzi akampima akasema presha yake iko mia na tisini juu ya mia na kumi, niliapa palepale kwamba huyu hatachukuliwa na presha nikiwa nimesimama.

Mama mwenyewe hakuona kitu cha kuapia. Alisema hajisikii kuumwa. Daktari, mtu wa makamo, mpole, asiyeharakisha neno, alimweleza kuwa presha ndivyo ilivyo, haipigi hodi, na kwamba dawa yake humezwa kila siku hata siku mtu anapojisikia buheri wa afya. Mama akauliza atameza mpaka lini. Daktari akamwambia mpaka atakapochoka kuishi. Mama akacheka, nami nikajua tumepata daktari.

Nilimhamishia kwangu Matogoro ili nimsimamie. Alianza na kidonge cha aina moja, presha ikashuka kidogo kisha ikagoma. Baada ya miezi michache daktari akambadilishia. Akatupa kidonge kipya ambacho ndani yake mna dawa mbili, ile ya zamani na nyingine. Alisema zote mbili ni za kupunguza maji na chumvi mwilini, ila zinasaidiana, moja inarekebisha mabaya ya mwenzake. Mama ameze kimoja asubuhi, maana akimeza jioni atakesha anakwenda uani. Tena apunguze chumvi, na arudi baada ya mwezi apimwe damu.

Hapo ndipo nilipofanya kazi yangu ya kwanza nzuri. Siku ya tatu nilimkuta mama mezani na vidonge viwili kiganjani, kile kipya na kile cha zamani. Alikuwa amefikiri kwamba kipya kimekuja kuongeza nguvu, kama mtu anayeletewa msaidizi shambani, haiwezekani yule wa kwanza afukuzwe. Nilimweleza kuwa kile cha zamani tayari kimo ndani ya kile kipya, akimeza vyote anameza mara mbili na presha inaweza kushuka mpaka aanguke. Nilichukua kopo la dawa za zamani nikazirudisha hospitali. Daktari alinipongeza mbele ya foleni nzima, akasema laiti kila mgonjwa angekuwa na mtoto kama huyu. Sikumkatalia.

Niliporudi nyumbani nilichora jedwali kwenye karatasi ya kuchorea mitambo, kwa rula, siku kwa siku, nikalibandika ukutani karibu na mlango wa jikoni. Mama akimeza, mke wangu anaweka alama. Jirani wa kanisani alipokuja kuomba kidonge kimoja kwa kuwa naye anasikia kichwa kizito, nilimwonyesha lile jedwali nikamweleza kwa upole kwamba kidonge cha mtu si sukari ya kuazimana, aende akapimwe. Alikwenda kweli, na kumbe presha yake ilikuwa chini, angemeza kile angezimia njiani.

Ndani ya boksi la dawa mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, maandishi ya Kiingereza, madogo kama mayai ya chawa. Watu wengi huitupa. Mimi niliisoma yote, mstari kwa mstari, na Jumapili baada ya misa nikawatafsiria mama na mke wangu tukiwa tumekaa barazani. Mke wangu ni mtu wa Tunduru, ana ulimi. Alisema hajawahi kusikia mahubiri mara mbili siku moja. Nikaendelea. Ilisema mgonjwa asiache dawa ghafla bila ushauri. Ilisema awaeleze madaktari dawa zote nyingine anazotumia. Ikasema pia asitumie vitu vya kuwekwa mahali pa chumvi ambavyo vina potasiamu.

Mama akaniuliza hivyo ni vitu gani. Nikamwambia asihangaike, hivyo ni vikopo nilivyoviona kwenye maduka ya wazungu kule Zambia, vina matundu juu, watu wanaokatazwa chumvi wananyunyizia kwenye mayai. Songea nzima havipo. Mke wangu akaitikia kuwa kama havipo basi mstari huo turuke. Tukauruka.

Sasa kilichomtesa mama kilikuwa chumvi. Mtu aliyezoea kula likolo, yaani mboga zetu za majani, lenye ladha yake, unampa mboga iliyochemshwa kwa maji matupu. Alikuwa anatafuna akiangalia dirishani. Alipungua. Aliniambia kuwa baba alikufa kwa presha, sawa, lakini yeye mimi nataka afe kwa kukosa hamu ya kula, na mbinguni wakiulizana atasema nini. Wiki moja hivi baadaye, nikiwa najiandaa kwenda karakana, akanifuata hadi kwenye pikapu.

“Baba,” akasema, maana huniita hivyo anapotaka kitu, “maji ya majivu je? Nayo yamekatazwa?”

Msomaji wa mbali huenda hayajui. Kwetu, tangu bibi zetu, mwanamke anachoma magunzi ya mahindi na maganda ya maharage, anakusanya majivu, anayaweka kwenye chungu kilichotobolewa chini, anamwagia maji juu. Yanayodondoka ni maji ya rangi ya chai, yana ukali wake. Ukiyatia kwenye maharage yanaiva upesi, kisamvu kinalainika, mlenda unavutika. Zamani chumvi ilipokuwa haba, hayo ndiyo yaliyokuwa chumvi yenyewe. Na yana ladha. Nimekula Zambia vyakula vya kila namna, sijakutana na maharage ya kushinda yale.

Nilifikiri kwa muda wa kuwasha gari. Chumvi ni kitu cha dukani, cheupe, cha mfuko. Haya ni majivu ya mimea, vitu vya asili, hayana hata chembe ya kile cha dukani. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, “Hayo si chumvi, mama. Tumia tu.”

Alifurahi hadi akanisindikiza kwa kupunga mkono. Nilipofika karakana nilikuwa na furaha pia, kwa sababu nilikuwa nimetatua tatizo ambalo daktari mwenyewe hakulitatua.

Mchana huohuo aliagiza gunia la magunzi kutoka Maposeni. Nyuma ya nyumba yangu ya bati jekundu pakawa na chungu kinachodondosha asubuhi hadi jioni. Mke wangu alisimama akakiangalia.

“Kwetu majivu tunaua nayo wadudu,” akamwambia mama mkwe wake. “Ninyi huku mnayala.”

“Ndiyo maana kwenu hamnenepi,” mama akamjibu.

Wakacheka wote wawili. Na kweli mama alianza kula. Maharage na maji ya majivu mchana, kisamvu na maji ya majivu jioni, na kwa kuwa chumvi yenyewe haikuruhusiwa, aliongeza maji hayo mpaka ladha itoshe. Presha nilimpimia kwenye duka la dawa mjini, ikawa nzuri kuliko wakati wowote. Niliwaambia wateja wangu. Nilimwambia hata fundi cherehani wa jirani, ambaye hana mtu mwenye presha.

Yalipita majuma kama mawili, siku ya kurudi kupimwa damu haijafika. Kisha mke wangu akaniambia kuwa mama haendi tena kuchuma mboga. Nikasema ni goti. Akasema si goti, miguu yote miwili inakuwa mizito, jana alishindwa kunyanyua mchi. Nikasema ni umri. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, mke wangu alituma mtu karakana kuniita. Nilimkuta mama amekaa chini ameegemea ukuta wa jikoni, karibu na jedwali langu, amekwisha meza kidonge na alama imewekwa. Alisema vidole vinamchonyota na miguu si yake. Moyo, alisema, unasimama kama unafikiri, kisha unagonga.

Niliona ghala la Maposeni alimoanguka baba, ambalo siku ile sikuliona. Nilimbeba, na mimi si mtu mwepesi wa kubeba watu, nikamweka mbele kwenye pikapu, mke wangu akamshika kutoka upande wa mlango, nikaendesha hadi hospitali ya misheni.

Daktari alimshika mkono akahesabu mapigo, akahesabu tena. Aliniambia yanakwenda taratibu mno. Wakamfunga nyaya kifuani, miguuni na mikononi, mashine ikaanza kutoa karatasi ndefu yenye mistari. Mimi mistari ya umeme naielewa. Sikuwahi kuona ya moyo, lakini nilijua kwa kuangalia uso wa daktari kuwa hii haikuwa mizuri. Akaniuliza mama anakula nini.

Nilijibu haraka. Nilisema chumvi hagusi, nimesimamia mwenyewe, kidonge anameza kimoja asubuhi, cha zamani nilirudisha, dawa ya mtu mwingine hajameza, karatasi nimeisoma yote. Daktari alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akamwinamia mama, akamuuliza yeye.

“Mama, mboga unaungia nini?”

“Maji ya majivu,” mama akasema kwa sauti ndogo. “Mwanangu kaniruhusu.”

Daktari alifumba macho kidogo. Akauliza mengi kiasi gani, na kila siku, na tangu lini, naye mama akajibu yote. Hapo hakuniuliza mimi tena. Alimwita muuguzi, akaagiza damu ipelekwe maabara na dripu iletwe, wakamchoma sindano ya mshipa polepole huku daktari akiangalia ile karatasi ya mashine. Mimi na mke wangu tukaambiwa tukae nje.

Pale kwenye benchi ndipo diploma yangu iliponielemea. Nilihesabu: baba nilimkosa kwa sababu nilikuwa mbali, na mama nimemfikisha hapa kwa sababu nilikuwa karibu. Mke wangu, pamoja na ulimi wake, alinipa kitambaa chake tu.

Baada ya muda mrefu daktari alitoka akakaa upande wangu wa benchi. Alisema mapigo yameanza kupanda, lakini mama hatoki leo wala kesho. Kisha akanieleza, na alinieleza kama fundi kwa fundi. Kile kidonge kina dawa mbili. Ya kwanza inafukuza maji na chumvi, lakini ikiachwa peke yake inafukuza na potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji. Ndiyo maana wameweka ya pili, kazi yake ni kuzuia potasiamu isitoke. Zikiwa pamoja, kwa chakula cha kawaida, mambo yanakaa sawa.

“Sasa majivu ya magunzi,” akasema, “ni potasiamu yenyewe. Mlango wa kutokea umefungwa, na wewe unaingiza kwa ndoo. Moyo unaendeshwa na umeme, fundi. Potasiamu ikizidi, umeme unazimika.”

Nilimwambia ukweli. Nilisema karatasi ilikataza nami niliusoma mstari wenyewe, nikaona unasema habari za vikopo vya wazungu. Alisema haoni ajabu, walioiandika hawajui majivu yetu, kama sisi tusivyojua vikopo vyao. Akakiri kwamba hata yeye aliposema apunguze chumvi hakuuliza ataweka nini mahali pake, na yeye mama yake mzazi ni wa hukuhuku, amekua kwa maji hayohayo. Angepaswa kuuliza. “Lakini na wewe,” akaongeza, “ulikuwa na gari na dakika kumi za kuja kuniuliza.”

Hakuna mwalimu aliyewahi kunisema vizuri namna ile.

Mama alikaa wodini siku tano. Siku ya pili aliomba uji, siku ya tatu alimgombeza mgonjwa wa kitanda cha pili kwa kukoroma. Nilipoingia kumwomba msamaha nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alinisikiliza, kisha akawageukia wanawake wenzake wa wodini, siyo mimi.

“Huyu ni mwanangu, amesoma sana. Mota ikiungua mpelekeeni. Ila mimi si mota.”

Wodi nzima ilicheka, hata yule wa kukoroma. Mke wangu alicheka kuliko wote. Nami nilicheka, kwa sababu mtu anayeweza kukusema hivyo ni mzima.

Alitoka na dawa nyingine, ya aina tofauti, na daktari akatuagiza tusiibadilishe wala kuiacha wenyewe hata ikitukera, turudi baada ya wiki mbili. Chungu cha nyuma ya nyumba mama alikivunja kwa mkono wake mwenyewe. Kwa ladha, mke wangu alimfundisha kuunga mboga za majani kwa korosho zilizotwangwa, kama kwao Tunduru, na ndimu juu yake. Mama hakukubali kuwa ni tamu. Alikubali tu kumaliza bakuli.

Zaidi ya yote alinivua madaraka. Alisema kuanzia sasa kliniki atajibu mwenyewe, mimi kazi yangu ni kuendesha gari. Siku ya kurudi aliingia kwa daktari na kikapu kidogo. Mlango ulikuwa wazi, nikaona yote kutoka kwenye benchi. Alimsalimia, akafungua kikapu, akaanza kutoa kimoja kimoja na kukipanga juu ya meza: vidonge vipya, ndimu, korosho zilizotwangwa ndani ya kipande cha karatasi, majani ya mchaichai anayonywea asubuhi, mzizi aliopewa na dada yake wa Maposeni, na bahasha ndogo ya vidonge vya goti ambavyo alikuwa ananunua duka la dawa bila mimi kujua.

“Hivi vyote vinaingia kinywani mwangu,” akasema. “Uliza kimoja kimoja.”

Daktari aliuliza. Ndimu ikapita, mchaichai ukapita, korosho nazo, bora zisitiwe chumvi. Mzizi akamwambia hajui una nini ndani, kwa hiyo auache. Alipofika kwenye bahasha ya goti alisoma jina, akasema hivi vinapandisha presha na kugombana na dawa yake, vinaumiza na figo, na huenda ndivyo vilivyofanya kidonge cha kwanza kabisa kigome. Akaviweka kwenye droo yake, akampa vya aina nyingine.

Miezi yote ile mimi na jedwali langu tulikuwa hatujui kuwa ile bahasha ipo.

Alipimwa damu, akapimwa presha. Daktari akaitaja kwa sauti, mia na thelathini na nne juu ya themanini na mbili, na mama akaniita kutoka benchini nije nisikie, kisha akamwomba daktari aseme tena. Akauliza kama anaweza kurudi Maposeni, mvua zimekaribia na shamba halijaguswa. Daktari akamwambia aende, alime asubuhi na kupumzika jua likiwa kali, ameze kidonge kabla hajashika jembe, na kila mwezi aje na kikapu.

Nilimpeleka siku ileile, godoro na mbegu nyuma ya pikapu. Njia nzima aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti isiyo nzuri. Tulipofika, mashemeji na majirani walitoka kumlaki, wakauliza hospitali wamesema nini. Nilifungua kinywa kujibu. Mama akaniangalia, nikakifunga, nikaanza kushusha mbegu.